Santuri za Jazi na Adabu ya Sikio



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Bwana wetu Mtume Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, pamoja na jamaa zake na sahaba zake, juma hili twataka kuzungumza na ndugu zetu, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu, juu ya swali tunaloulizwa na karibu kila mgeni aingiaye sebuleni kwetu hapa Meru. Mgeni hulitazama kabati la vitabu, akasoma majina ya tafsiri, ya hadithi na ya fiqhi, akaridhika. Kisha jicho humteremka hadi rafu ya chini, akanyamaza. Rafu ile haina vitabu. Ina santuri zilizopangwa wima, na nyingi katika hizo ni za jazi.

Swali lenyewe huja kwa heshima. Kuna asemaye, "Sheikh, hizi umewekewa amana?" Kuna apitaye njia ya mbali, akauliza kama vijana wa nyumba hii wanapenda muziki. Jibu letu ni moja. Santuri hizi ni zetu, tumezikusanya wenyewe katika miaka zaidi ya thelathini tuliyokaa Embu na Meru. Na kwa kuwa jibu fupi halimtoshi mtu aliyeuliza kwa nia njema, tumeona ni haki tulieleze kwa urefu, kwani ndani yake limo jambo linalogusa kila nyumba, iwe ina santuri au haina.

Tuanze na lililo zito. Maulamaa wetu wamehitilafiana tangu kale juu ya ala za muziki. Walio wengi katika madhehebu manne, na sisi Mashafii tumo, walizikaza ala nyingi na kuliachia dufu nafasi yake. Ibn Hazm wa Andalusia aliona vingine. Imam Ghazali, katika Ihya, aliandika sehemu nzima juu ya adabu za kusikiliza, na ndani yake akasisitiza kuzingatia mambo matatu: wakati, mahali, na wenzi alio nao msikilizaji. Hata Lamu yetu, pale Habib Swaleh alipoyapa matari nafasi katika Maulidi ya Riyadha, walikuwapo wanazuoni waliomkemea; leo Maulidi yale ni fahari ya Pwani nzima. Hatuandiki haya ili kutoa fatwa. Anayejizuia na ala zote yu katika usalama, nasi twamheshimu. Anayesikiliza ajue kwamba Suratul Israa imetufunza kuwa sikio, jicho na moyo vitaulizwa vyote. Kwa hiyo sikio ni amana, na mwenye amana huangalia anaitumiaje.

Sasa jazi ni nini? Kwetu Afrika Mashariki neno hili lina maana mbili, na wengi huzichanganya. Maana ya kwanza ni bendi zetu za dansi. Wazee wetu walizoea kuiita bendi yoyote yenye magitaa, saksafoni na tumba "jazi", hata kama muziki wake ulifuata zaidi rumba ya Kikuba, iliyowafikia kwa zile santuri zenye herufi GV. Ndipo tukapata Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964. Waliopiga na kuimba humo wengi walikuwa watoto wa Kiislamu: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyekwenda na bendi yake hadi kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014. Wazee wa Mombasa hawajaisahau Januari ya 1979, pale ajali ya gari mjini mwao ilipouchukua uhai wa Mbaraka angali kijana.

Maana ya pili ni jazi ya Wamarekani weusi, iliyozaliwa New Orleans na miji ya jirani yake. Hii ndiyo iliyojaa rafu yetu, na hii ndiyo ambayo Mwislamu wa Pwani hudhani haimhusu. Tutarudi hapo. Kwanza tueleze ilitufikiaje huku milimani.

Tulifika Embu mwanzoni mwa miaka ya 1990, tungali vijana, tumetoka darasani Lamu, tumetumwa kuwasomesha watoto wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo. Aliyezaliwa kando ya bahari ataelewa tukisema kwamba kilichotushinda haikuwa baridi ya Julai, ingawa baridi ile, pamoja na manyunyu yake yasiyoisha, humfanya mtu adhani jua limehama nchi. Kilichotushinda ni usiku. Pwani usiku una sauti: redio dirishani, harusi mtaa wa pili, wazee barazani, bahari nyuma ya yote. Embu, baada ya Isha, kila mtu alikuwa amefunga mlango na kujifunika blanketi. Tulikuwa tukilala na masikio matupu.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa dereva wa lori, alitambua hali yetu. Asili yake ilikuwa Pwani. Kwa miaka mingi alipandisha chumvi na saruji kutoka Mombasa, akateremsha maharagwe na viazi, mpaka akaoa Embu na kutulia. Kila alipopakia Mombasa alinunua santuri. Alinunua vilevile kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliofunga maduka yao, na kwa walimu wa kigeni waliomaliza mikataba wakauza vyombo kabla ya kuondoka. Usiku mmoja alituita kwa chai ya tangawizi, akatuwekea Morogoro Jazz, tukafurahi. Kisha akaweka santuri nyingine, piano peke yake na ngoma za mbali, akatuambia, "Mwanangu, ile ya kwanza husikilizwa kwa miguu. Hii husikilizwa umekaa."

Tulikaa. Na ndivyo mambo yalivyoanza.

Santuri yetu ya kwanza ya kununua tuliipata miaka michache baadaye, tulipohamia Meru, katika soko la Gakoromone. Ilikuwa imelala chini ya rundo la viatu vya mitumba, haina jalada, na muuzaji akatupa tatu kwa bei ya kilo mbili za sukari. Tangu hapo tumekuwa tukitafuta polepole. Kuna zilizotoka Nkubu na Chogoria, katika nyumba za walimu wastaafu. Kuna tulizozipata Nairobi, katika duka la santuri kongwe lililoko Kenyatta Market, ambako mtu huingia saa nne akatoka alasiri bila kujua siku imekwenda wapi. Tulijiwekea sharti tangu mwanzo: santuri hainunuliwi kwa fedha ya chakula, ya karo wala ya sadaka. Mama wa watoto wetu ndiye mlinzi wa sharti hilo, na hajalegeza hata siku moja.

Wale ambao hawajawahi kuishika santuri, na vijana wetu wengi wamo, wajue kwamba ni sahani ya plastiki yenye mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Sauti imechongwa katika kuta za mfereji ule. Sindano hupita ndani yake, ikatetemeka kama kuta zilivyochongwa, na mtetemo ule ndio unaokuzwa ukawa sauti. Santuri ndogo hubeba wimbo mmoja wa dakika tatu au nne kila upande. Kubwa hubeba yapata dakika ishirini. Zile za kale zaidi, kama alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia mwaka 1928, zilikuwa za maada nyingine iliyo nzito, na zilivunjika kama kigae. Katika yote haya kuna faida moja tuipendayo. Upande ukiisha, santuri hunyamaza. Lazima mtu ainuke, aamue kama ataendelea au ametosheka. Simu zetu hazina rehema hiyo; zikianza haziachi mpaka usingizi utuchukue. Mara ngapi santuri imeisha, tukanyanyuka kuigeuza, tukasikia muadhini, tukaiacha ilipo.

Turudi kwenye jazi ya Marekani na Mwislamu wa Pwani.

Katika Waafrika waliopakiwa merikebuni na kuuzwa Marekani, walikuwamo Waislamu wengi kutoka Afrika Magharibi, na miongoni mwao wasomi. Omar ibn Said wa Futa Toro alikamatwa mwaka 1807, akauzwa Charleston, na mwaka 1831, akiwa bado mtumwa, akaandika maisha yake kwa Kiarabu. Maandishi yale yamehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Watu hawa walinyang'anywa majina, wake, watoto na vitabu. Huko Carolina Kusini, baada ya watumwa kuasi mwaka 1739, sheria ya mwaka uliofuata iliwanyang'anya hata ngoma. Yaliyobaki ni makoo yao. Walifanya kazi mashambani huku wakiita kwa sauti ndefu, zenye kupanda, kuvutwa na kuvunjika, na wapo watafiti, kama Sylviane Diouf, wanaosikia katika miito ile mwangwi wa adhana na wa kisomo. Kutokana na miito hiyo zikatoka nyimbo za huzuni, na kutokana na nyimbo hizo, pamoja na ngoma zilizoachiwa kupigwa Jumapili katika uwanja wa Congo Square huko New Orleans, ikatoka jazi. Basi mtu akisema muziki huu ni wa makafiri na hautuhusu, na aongeze kwamba huenda babu wa babu wa aliyeupiga alikuwa akisali mara tano.

Na wajukuu wenyewe wengine walirudi. Tangu miaka ya 1940 wapigaji wakubwa wa jazi walisilimu mmoja baada ya mwingine. Art Blakey, bingwa wa ngoma, alichukua jina la Abdullah ibn Buhaina. McCoy Tyner, mpiga piano, alijiita Sulaimon Saud. Mpiga piano wa Pittsburgh aliyezaliwa mwaka 1930 alijiita Ahmad Jamal, na kwa jina hilo akajulikana duniani hadi alipofariki mwaka 2023. Cape Town, Afrika Kusini, Dollar Brand alisilimu mwaka 1968 akawa Abdullah Ibrahim. Mwaka 1974 alirekodi "Mannenberg", muziki uliobeba jina la mtaa ambako watu waliofukuzwa makwao walipelekwa, na ukageuka kuwa sauti ya wapinga ubaguzi. Wengi katika Wamarekani hawa waliufikia Uislamu kwa mlango wa wahubiri wa Kiahmadiya, na msimamo wa maulamaa wetu juu ya kundi hilo unajulikana. Sisi hatukuitwa kupekua mioyo ya watu. Twataja tu kwamba katika nchi iliyowanyima hata kiti cha mbele ndani ya basi, walitafuta jina ambalo bwana wa shamba hakuwapa.

Mmoja wao twampenda zaidi ya wote, naye ni Yusef Lateef, aliyefariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka tisini na mitatu. Alipiga saksafoni, filimbi na zumari, akasoma mpaka shahada ya udaktari katika elimu, akafundisha miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello huko Zaria, Nigeria. Hakulipenda hata neno "jazi", kwani aliona linaudhalilisha muziki wao. Na kuanzia miaka ya 1980 alikataa kupiga mahali popote panapouzwa pombe. Fikirini, ndugu zetu, maana ya uamuzi ule. Riziki ya wapigaji ilikuwa humo humo vilabuni. Alichagua mahali na alichagua wenzi, kama alivyousia Imam Ghazali karne tisa kabla yake, na riziki haikumkatikia. Kijana wetu anayesema hawezi kukataa kazi ya haramu kwa sababu hakuna nyingine, twampa hadithi ya mzee huyu.

Na ladha yake je? Kwani hatuwezi kusema tunapenda kitu bila kueleza utamu wake. Katika jazi, wapigaji huanza na wimbo unaojulikana. Kisha mmoja huuacha, akatembea nje yake kwa kubuni papo hapo, na wenzake wakamfuata kwa masikio, wasimwache wala wasimfunike, mpaka arudi. Hakuna aliyeandikiwa atakalopiga. Anayepiga besi humsikiliza mwenye piano. Mwenye ngoma huwasikiliza wote wawili. Asiyesikiliza, hata awe fundi namna gani, huharibu. Tulipokuwa tukisafiri barabara ya Embu kwenda Meru, tulibahatika kuwaona wapiga ngoma wa Chuka, wale wanaobana ngoma ndefu mapajani na kupiga huku wakicheza, kila mmoja na mdundo wake, na wote wakawa mwili mmoja. Tulimkumbuka Art Blakey pale pale kando ya barabara.

Ahmad Jamal naye ana jambo lake. Katika santuri aliyorekodi Chicago mwaka 1958 akiwa na wenzake wawili tu, hupiga kidogo, kisha akanyamaza. Unamngoja. Unadhani amesahau. Kumbe ukimya wenyewe ndio aliokusudia uusikie. Hatulinganishi, na tunajikinga kwa Mwenyezi Mungu tusije tukalinganisha, Maneno Yake matukufu na kinanda cha mwanadamu. Lakini mwanafunzi aliyefunzwa tajwidi, akaambiwa asimame pale penye kusimama na asiruke, sikio lake limekwisha kufunzwa kwamba kunyamaza nako kuna maana. Sikio hilo huingia katika jazi bila ugeni mkubwa.

Yule mzee wa Embu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya arubaini tuliitwa kugawa mirathi, nasi tukateremka kutoka Meru. Aliacha mjane, wanaume wawili na wanawake wawili. Nyumba na shamba dogo havikuleta taabu: mjane thumuni yake, kisha kilichobaki kikagawanywa mafungu sita, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja, kama ilivyoamrishwa katika Suratun Nisaa. Taabu ilikuwa katika chumba cha nyuma, penye santuri mia mbili na kitu, pamoja na kaseti za kisomo cha Sheikh Abdul Basit na za kasida.

Kaka mkubwa, aliyefanya kazi Ghuba miaka mingi, alitaka santuri zichomwe. Alisema hataki baba yake aulizwe kaburini kwa ajili ya nyimbo. Alilisema hilo kwa machozi, na asiyeielewa khofu ile hajapata kufiwa na mzazi. Mdogo wake alitaka ziuzwe, kwani mnunuzi kutoka Nairobi alikwisha kutaja bei, na bei haikuwa ndogo. Binti mkubwa alitaka zibaki. Maneno yalipanda mpaka ndugu wakaanza kutajiana ya utotoni. Mjane alikuwa ameketi pembeni katika eda yake, hasemi.

Tuliwaambia kwanza lililo hukumu: kwamba mali ya warithi haiteketezwi na mrithi mmoja, na kwamba kisomo na kasida havina mzozo. Kisha tukamgeukia mjane, kwa sababu katika mzozo wote hakuna aliyemuuliza, tukamwomba aseme lake.

Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Baba yenu alikuwa mtu mgumu. Mchana kutwa hakuwa na neno. Lakini usiku akiweka santuri alinyamaza mpaka iishe, na ikiisha ndipo alipozungumza na mimi. Miaka arubaini tulizungumza hivyo. Mimi nyimbo zenyewe sizijui. Nilikuwa nikingoja ziishe."

Hakuna aliyemjibu. Kaka mkubwa aliinamisha kichwa. Mwisho wake haukuwa wa kila mtu kukubaliana na mwenziwe, na tusingependa kuupamba. Zenye maneno ya ulevi na uchafu walizitenga, tena zilikuwa chache, wakaziondoa kwa ridhaa ya wote. Mdogo alilipwa thamani ya fungu lake kutoka katika mazao ya shamba. Kaka mkubwa alisema mbele ya mashahidi kwamba amesamehe fungu lake kwa dada yake, ila akaomba zisipigwe akiwa mgeni pale nyumbani, na dada akakubali. Hadi leo akija Embu mashine hufunikwa kitambaa, na wao wawili wanazungumza. Udugu ulisalimika, na hilo ndilo tuliloliendea.

Maneno ya mama yule tumeyabeba tangu siku ile. Sisi wanaume tuna tabia ya kuzitunza kumbukumbu za vitu na kusahau za watu. Mtu anaweza kukutajia kila mpigaji katika santuri na mwaka aliorekodi, lakini hajui mkewe amelala na dhiki gani. Atamvumilia mwenye saksafoni dakika ishirini, na mama watoto akianza habari ya mtoto na mwalimu wake, humkatiza katika ya pili. Mtu wa namna hiyo hajajifunza kusikiliza, amejifunza kujiburudisha. Jazi, kama ina fundisho lolote kwa nyumba ya Kiislamu, ni lile la wapigaji wenyewe: mwache mwenzio amalize, umsikie alikofika, ndipo nawe useme lako.

Na vijana wetu twawaona na hali nyingine. Nyumba ina watu sita, na kila mmoja ameziba masikio yake kwa spika ndogo, anasikiliza lake. Mama huita mara tatu hajibiwi. Si kwamba wanasikiliza mabaya. Pengine mmoja anasikiliza mawaidha na mwingine kisomo. Lakini nyumba imekuwa kimya bila utulivu. Zamani redio ilikuwa moja, wote tukaisikiliza, tukabishana, tukacheka. Kusikiliza kwa pamoja nako ni kuunga udugu.

Kwa hivyo twatoa nasaha chache, kila mtu achukue inayomfaa.

Kwanza, tazameni makabatini na mavunguni mwenu. Nyumba nyingi za Pwani zina kaseti za Maulidi ya nyumbani, za harusi, za mama zetu wakisoma kasida, na zile barua za sauti ambazo jamaa waliokuwa Ghuba walizirekodi na kuwapa wasafiri. Utepe wa kaseti huharibika kwa joto na kwa unyevu wa bahari, na kuvu haina huruma. Ziwekeni pakavu, mbali na spika na sumaku, na muwape vijana wenye ujuzi wazinakili katika kompyuta kabla utepe haujagandana. Santuri nazo zisilazwe moja juu ya nyingine, maana hupinda. Zisimamishwe wima, zishikwe ukingoni, zifutwe kwa kitambaa laini na kikavu.

Pili, kabla hamjachoma au kuuza cha marehemu, waulizeni wote, na aanze kuulizwa aliyekaa kimya.

Tatu, mwenye kusikiliza aangalie yale matatu ya Imam Ghazali. Wakati: usiingie katika wakati wa sala wala wa haki za watu. Mahali: pasiwe pa ulevi wala pa fitina. Wenzi: wawe watu ambao ukitoka kwao umezidi, hukupungua. Lililopotoka kwa maneno yake liachwe, hata likiwa na sauti tamu.

Nne, angalau usiku mmoja katika juma, simu zote ziwekwe katika kapu moja. Nyumba isikilize kitu kimoja: kisomo, au utenzi wa bibi, au hadithi ya babu. Kisha kiishe, na watu wazungumze.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu wa Embu na marehemu wetu wote, ayahifadhi masikio yetu na yale yasiyofaa, ayafungue kwa yale yanayofaa, na atujaalie kuwa katika wanaosikia maneno wakayafuata yaliyo mazuri zaidi. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.